Siku Niliyomuua Rais kwa Simu ya Jikoni

Mie nilimuua rais wa nchi nzima. Nilimuua siku ya Alhamisi, saa sita kasorobo mchana, nimeshika sinia la kahawa, na sikutumia silaha ila ulimi wangu huu. Nyie vijana mnaoanza kazi nakuandikieni mjue, maana mnadhani dunia inaendeshwa na watu wenye akili waliokaa kwenye meza ndefu. Hizo meza nimezihudumia miaka ishirini na sita. Nimeziona na kwa chini, nikiokota makombo.

Nimeshika kalamu kwa sababu mjukuu wangu Nasra kapata kazi serikalini hapa London, kwenye mambo ya nchi za nje. Siku aliyonambia nilipiga vigelegele mpaka jirani yetu Mgujarati akagonga mlango kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia hakuna anayeolewa, kuna aliyeajiriwa. Nasra kasoma, vyeti vimekosa ukuta. Mie niliishia darasa la nne, skuli, Unguja. Akaniambia kwa Kizungu chake cha haraka haraka niyaandike yale ya ubalozini, maana ofisini kwake watu wanajadili hayo hayo na hapana hata mmoja aliyekuwemo jikoni. Basi nayaandika. Kiswahili atakisoma, kukisema ndiko anakokuonea uvivu.

Nchi sitaitaja. Niliapishwa siku niliyoajiriwa, na wapo walio hai bado. Nitasema tu ni nchi ya Waarabu, na ilikuwa na rais aliyekaa kitini mpaka picha yake ukutani ikageuka rangi ya chai, na yeye mwenyewe kila mwaka nywele zinazidi kuwa nyeusi.

Kazi yangu ilikuwa kahawa. Msicheke. Kahawa ya Waarabu wale si kahawa ya barazani kwetu. Kwetu buni inachomwa mpaka iwe nyeusi tititi. Yao inakaangwa kidogo tu, inatoka rangi ya majani makavu, halafu iliki unatia bila huruma. Dele, birika lenyewe la kahawa, unalishika kwa mkono wa kushoto, vikombe kwa wa kulia, vimeingiana. Unamimina kidogo, chini chini ya kikombe. Ukimjazia mgeni mpaka juu ni kama umemwambia anywe aende zake. Akimaliza akakunyooshea kikombe, unamwongeza. Akikitikisa hivi, kulia kushoto, basi katosheka, unakichukua. Hapana mtu anayesema kitu. Ukijua kusoma mkono wa mgeni umeijua kazi.

Alikuwapo Mzungu mmoja wa serikalini, mrefu, mpole, shingo kama ya mbuni, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwetu kila kukiwa na jambo. Kiarabu alikisoma kwenye vitabu lakini vitabu vyake havikumwambia habari ya kutikisa kikombe. Siku ya kwanza kuja alinyoosha, nikamtilia. Akanywa kwa adabu, akanyoosha, nikamtilia. Vikombe kumi na moja. Alipofika cha kumi na moja mkono ulianza kumtetemeka wenyewe, na ule mtetemeko ndio niliouhesabu kuwa katikisa. Balozi alinipitia jikoni baadaye akaniambia nimemhurumia mapema, angemwacha afike ishirini.

Sasa nikwambieni uongo wangu. Kazi niliipata kwa kusema najua Kiarabu. Nilihitimu msahafu mara tatu nikiwa mdogo, nausoma kama maji, ila maana nikiulizwa naangalia dari. Nikajiambia Kiswahili chetu nusu yake ni Kiarabu, nitafika. Siku ya kwanza mkuu wa jikoni ananiamuru nipeleke kahawa kwa *es-safir*. Nikamuuliza, kama kasafiri kahawa nampelekea wapi? Jiko zima likanitolea macho. Kumbe *safir* ndiye balozi. Wiki ile ile nikaambiwa nisafishe *saqf* ya ukumbi, mgeni anakuja. Nikapiga magoti nikaisugua sakafu mpaka unajiona meno. Mkuu wa jikoni akaja, akatazama juu, akanitazama mie, akatazama juu tena. Kwao *saqf* ni dari. Utando wa buibui unaning'inia pale pale juu ya kiti cha mgeni.

Miaka mingi baadaye akaja Balozi huyu, na alipohadithiwa aliniita. Wao walikuwa wakiniita Umm Salim, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Akaniambia, "Umm Salim, Kiarabu chako na changu ni ndugu wa baba mmoja. Sura wanafanana, lakini usiwape siri moja."

Nilicheka. Ningeliyaandika mkononi maneno yale.

Ukafika ule mwaka Waarabu walipoinuka, nchi hii leo, nchi ile kesho. Mnaukumbuka kwenye televisheni, mlikuwa wadogo. Sie ubalozini tulikuwa na televisheni kwenye kila chumba na hapana aliyekaa kuitazama, watu wanaitazama wamesimama, kama inaweza kuwarukia. Watu wa nchi ya ubalozi wetu walijaa uwanjani wakimtaka rais ashuke. Rais akawapelekea askari. Mie niliona kijana kabebwa kwenye mlango uliong'olewa, mguu unaning'inia, kiatu kimoja. Nikaweka sinia chini. Nilikuwa sijapata kuweka sinia chini mbele ya wageni.

Yule Mzungu akawa anakuja kila baada ya siku mbili. Kila akija anasema serikali yake inafuatilia kwa karibu. Nilimuuliza Balozi, kufuatilia kwa karibu ndio kufanya nini? Akasema ni kutazama televisheni. Watu walipopigwa risasi, Mzungu akaja na neno jipya, serikali yake ina wasiwasi. Wakapigwa tena, ina wasiwasi mkubwa. Nikamuuliza Balozi, huo mkubwa ukisha, wanapanda wapi? Akasema, "Wanasikitika." Nami nilikuwa nikifikiri ananifanyia mzaha. Ijumaa iliyofuata Mzungu alikuja, akanyoosha kikombe, akasema serikali yake inasikitika. Nilikaribia kulidondosha dele. Yaani kuna ngazi, na maneno yamepangwa kama vikombe vyangu, na yule mtoto wa kiatu kimoja yuko chini kabisa anangoja wafike.

Na Balozi wetu naye msimwone malaika. Kazi yake ilikuwa kusema kwa mdomo wa mwengine. Akiambiwa aseme hakuna aliyepigwa risasi, anasema, kisha anaingia chooni anasukutua. Nilimsikia mara nyingi. Maji yanakwenda muda mrefu.

Nje, ng'ambo ya barabara, wanafunzi wa nchi ile wanaosoma hapa London walisimama kila siku na mabango. Mmoja ni Hanan. Hanan alikuwa akisomea udaktari, kapanga chumba Hounslow, ndege zinampitia juu ya kichwa. Kila Idi alikuja ubalozini kunisaidia kupanga halua, ananiita *khala*, yaani mama mdogo. Kaka yake alikuwa karudi nyumbani likizo na tangu kurudi hapana aliyemsikia. Sasa Hanan yuko ng'ambo ya barabara anapiga makelele mpaka sauti imekauka, na akiniona dirishani anashusha bango ananipungia.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Yeye na wenzake wanane walikuwa wameleta pasipoti zao kufanyiwa upya kabla vurugu halijaanza. Pasipoti zikatoka tayari, zimefungiwa kwenye mtoto wa meza wa Shakir. Shakir ndiye mtu wa usalama, mfupi, kifuani kabandika kibati chenye picha ya rais. Amri ikaja kutoka kwao, wale tisa wasipewe. Pasipoti zitiwe kwenye begi la ubalozi zirudishwe, na wenyewe wazifuate. Asiye na pasipoti hapa viza yake inakufa, Waingereza watamrudisha wenyewe. Na kurudi kule ilikuwa ni kumfuata kaka yake Hanan, popote alipo.

Barua ya kuzirudisha ilitaka saini ya Balozi. Aliichelewesha wiki tatu. Mara hana kalamu, mara hana miwani, mara muhuri umekauka. Mwisho akaambiwa Alhamisi, begi linakwenda uwanja wa ndege jioni, na barua imo ndani au yeye yumo ndani.

Sasa sikilizeni habari ya simu. Kule kwao mtandao ulikuwa umefungwa na simu za mkononi hazishiki. Zilibaki laini za mezani. Simu ya Balozi ilikuwa na sikio la tatu, sikio la Shakir. Basi shemeji yake Balozi, aliyekuwa akifanya kazi wizarani kule, alipewa namba ya jikoni. Akipiga, mie napokea, naandika moyoni, nampelekea Balozi pamoja na kahawa. Ndio, bibi yenu alikuwa shushushu. Kazi nimeifanya wiki tatu, na nilikuwa nafika nyumbani nashindwa kula.

Alhamisi ile saa tano unusu Mzungu akaja. Chumbani wamo watatu: Balozi, Mzungu na Shakir. Barua ya pasipoti iko mezani, kalamu juu yake. Naingia na kahawa namkuta Mzungu anasema maneno ambayo sitayasahau.

"Bwana Balozi, tuna barua mbili tayari. Moja inamtaka rais wako azungumze na watu wake. Ya pili inamtaka aondoke. Mkubwa wangu anataka kujua atie saini ipi."

Jamani, nilisimama kama niliyepigwa kofi. Nilidhani mtu anapima lipi haki, kisha anaandika. Kumbe wanaandika zote mbili, wanakaa kungoja mshindi. Nikarudi jikoni, nikakuta simu inalia.

Ni shemeji. Anasema mbio mbio, nyuma yake kelele, magari. "Umm Salim, mwambie *es-safir*, *er-rais faraqa*..." Kisha neno moja nisilolijua, kisha laini ikafa.

*Er-rais faraqa.* Mwenzangu wa Unguja, wewe ungesikia nini? Rais kafariki. Mtu akifariki kwetu kafa, hapana fariki nyengine. Nikasema *inna lillahi* pale pale, nikajifunga mtandio vizuri, nikajaza dele, maana msiba hauingiwi mikono mitupu. Nikaingia. Na ili nisikosee, nikaacha lile neno la simuni nikatumia neno ninalolijua sawasawa, neno ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Nikasema, "*Er-rais mat.*" Rais kafa.

Mzungu alisimama na kikombe kikamponyoka, kahawa yote kwenye suruali. Barua mbili alikuja nazo, na ya rambirambi hakuwa nayo. Akasema samahani, samahani, akaenda mbio kama aliyeacha chungu jikoni. Shakir alikaa chini. Uso wake ulikuwa kama unga uliozidi maji. Mkono ukapanda taratibu kifuani, akakibandua kile kibati akakitia mfukoni, na sidhani kama alijua anafanya. Nje kwenye korido habari ilikuwa ishafika, karani kapanda kiti anaishusha picha. Nikauona msumari.

Nami msumari ule naujua. Nilikuwa darasa la nne. Baada ya Mapinduzi tulirudi skuli siku moja tukakuta picha ya Sultani haipo, msumari upo. Mwalimu akatuambia tutazame mbele. Mbele ndiko kwenye msumari. Baba hakunipeleka tena, akasema skuli yenye msumari mtupu haijui itafundisha nini. Basi nilipouona wa London nikajua kuwa mie mtoto yule bado nimo.

Balozi hakulia, hakucheka. Alimnyooshea mkono Shakir, akamwambia, "Funguo." Na Shakir akatoa. Mtu asiye na bwana hana ubishi. Balozi akafungua ule mtoto wa meza, akazitoa pasipoti zote tisa, akazipanga kwenye sinia langu, akazifunika kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Akasema, "Umm Salim, wale watoto kule nje wana baridi. Wapelekee."

Nilivuka barabara na sinia. Basi likanipigia honi. Hanan akaja mbio anauliza, *khala* kuna nini, kuna nini. Nikamwambia afunue kitambaa na afunge mdomo. Alifunua, akaona, na mdomo ulimshinda kufunga. Nikamwambia achukue zote, ampe kila mtu yake, waondoke, hata mabango wayaache. Dakika tano baadaye pale hapakuwa na mtu. Mabango yameegemea ukuta peke yake, kama yanaendelea kuandamana.

Saa nane televisheni ikaonyesha marehemu wangu anakula tende.

Mie nilikuwa nimesimama na ndoo. Yuko kwenye kambi ya jeshi, mji mwengine, nywele nyeusi, anacheka na majenerali, anatema kokwa mkononi. Rais kaondoka mji mkuu. Hilo ndilo aliloambiwa shemeji, na ndilo nililoambiwa mie: *faraqa l-asima*, kauacha mji mkuu. *Asima* ndio lile neno nisilolijua. Kwao *faraqa* ni kuachana na kitu, kukiacha nyuma. Na mie mjinga hata kwa Kiswahili ningepaswa kukumbuka, si tunasema watu wamefarakana? Wamefarakana na wote wazima. Nilikuwa na maneno mawili, nikachagua la makaburini.

Hapa, Nasra, na nyie wengine, nisimame niseme moja la kazi. Usiogope neno usilolijua. Usilolijua utauliza. Ogopa lile unaloliona umezaliwa nalo. Na simu ikikatika, sema imekatika, usimalizie mwenyewe.

Picha ilirudi ukutani, imepinda upande. Kibati kilirudi kifuani. Na Shakir akarudi kuwa Shakir, akanijia mpaka usoni, ananitemea mate akiuliza nani alinipigia, jina, jina, jina. Nikajua nikimtaja shemeji, kafa. Nisipomtaja nimekufa mie.

Balozi akaingia kati. Sauti yake ya kawaida kabisa, kama anaagiza maji.

"Hakuna aliyepiga. Nilimwagiza mimi aje aseme vile. Nilitaka funguo zako, Shakir, na nimezipata. Mama huyu anasema anachoambiwa."

Nikamtazama. Mtu yule katika muda wa kumeza mate kajifunga kamba shingoni ili mie na shemeji yake tusifungwe. Na hajui hata kosa lenyewe ni lipi.

Jioni amri ikaja. Balozi arudi nyumbani kwa mashauriano, kesho Ijumaa, ndege ya alasiri. Mashauriano nalo ni neno la ngazi yao. Msilitafute kwenye kamusi.

Usiku mzima niliongea na babu yenu. Asubuhi nikaenda kazini nimeshaamua. Adhuhuri Balozi akaja jikoni, kavuta kiti cha kumenyea vitunguu, akakaa. Miaka sita hakuwahi kukaa jikoni.

"Niambie ulichosikia," akasema. "Neno kwa neno."

Nikamwambia. *Er-rais faraqa.* Akauliza, nawe ukaelewa nini? Nikamwambia kwetu kufariki ni kufa. Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, akalaza kichwa juu ya meza ya vitunguu anacheka mpaka machozi. Nilidhani kashikwa na kichaa.

Nikamwambia naenda kwa Shakir sasa hivi kumwambia kosa ni langu, Kiarabu changu ndicho kilichokosea, asikuue kwa kosa la mpika kahawa.

"Kaa," akasema. "Pasipoti nilizitoa mimi. Hakuna neno uliloongopa lililonishika mkono. Wiki tatu nilikuwa nangoja mtu aniambie yule kafa, niwe mtu. Wewe ndiye uliyesema."

Nikamuuliza, na leo hajafa, je, wewe ni mtu au si mtu? Niliuliza hivyo hivyo, bila adabu. Sikuwa na adabu iliyobaki.

Akasema Shakir katangulia uwanja wa ndege na mizigo, na pasipoti yake Balozi iko mfukoni kwa Shakir. Dereva, mtu wa Shakir, yuko mlango wa mbele anamngoja, maana desturi inataka balozi anayeondoka akawaage Waingereza kwanza. "Mtu asiye na pasipoti ataenda wapi?" akasema. Akasikia alichokisema mwenyewe. Nami nikasikia.

Nikatoa kwenye mkoba kadi yangu ya basi, funguo za nyumba yangu, na karatasi. Nikamchorea. Basi gani, ashuke wapi. Nikamwambia, utaona uwanja wa mpira una upinde juu kama mpini wa kikapu, hapo ni Wembley, teremka, uliza mtaa huu, mume wangu atakufungua hata usipobisha. Balozi alikuwa hajapata kupanda basi London. Aliuliza kama unamlipa dereva au unamwamkia tu. Nikamvisha aproni, nikampa mfuko wa taka abebe mkono huu na mwengine mkono ule, nikamfungulia mlango wa nyuma. Wakati huo watu wametoka sala ya Ijumaa. Kama kuna mtu alimwona, alimwona mpishi.

Dereva alingoja mbele mpaka saa tisa. Akaniuliza mara mbili. Nikamwambia Balozi hana haraka.

Saa kumi simu ya jikoni ikalia. Si shemeji. Hiyo sauti ilikuwa nzito, iliyozoea kusikilizwa, mkubwa mmoja wa kule kwao, kapiga kila namba ya ubalozi na hii ndiyo iliyopokewa. Hakunisalimu. Akauliza, "*Wen es-safir?*" Yuko wapi balozi?

Vijana wangu, uongo nilikuwa nimeshausema mmoja katika wiki ile na ulinitosha. Nikasema kweli tupu, kwa Kiarabu chao wenyewe, kwa neno walilonifundisha wao.

"*Faraqana*," nikasema. Ametuacha.

Nikasikia upande wa pili, taratibu, "*Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.*"

Na Waarabu nao wanalo. Mtu akifa, kwao husemwa ameachana na uhai, na mara nyengine wanalikata wanaacha *faraqa* peke yake. Ile maana niliyomuulia rais nayo haikuwa ya kigeni kwao hata kidogo. Ilitegemea nani anasikiliza na anaogopa nini.

Akauliza, lini? Nikasema, leo, baada ya sala ya Ijumaa. Akauliza, alikuwa mgonjwa? Nikasema, tangu jana hali yake haikuwa nzuri. Hapana neno moja hapo la uongo, lihesabuni. Akavuta pumzi, akasema, "Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema, mtumishi wa nchi yake." Nikaitikia amin. Akakata.

Walichukua siku mbili kugundua. Siku mbili zilitosha Balozi kwenda kwa Waingereza kuomba ulinzi, akamkuta yule yule Mzungu shingo ya mbuni, ambaye safari hii hakusema anafuatilia. Shemeji alivuka mpaka kwa miguu. Rais kapinduliwa kabla mwezi haujesha, na nasikia ile barua ya pili ilitiwa saini asubuhi yake. Mie niliachishwa kazi, kwa barua yenye makosa ya Kizungu hata mie niliyaona. Hanan leo ni daktari wa watoto, na kila Idi anakuja kupanga halua hapa kwangu. Kaka yake hajapatikana. Hilo sina namna ya kulichekesha.

Lakini Ijumaa ile. Nilifika nyumbani Magharibi inaingia, nikamkuta Balozi kakaa kwenye kochi letu kavaa kanzu ya babu yenu inayomfika magotini, wanatazama mpira. Nikaenda jikoni kwangu, nikakaanga buni, nikatwanga iliki. Nikamtilia chini chini ya kikombe, kama inavyotakiwa. Nikamhadithia simu, neno kwa neno, bila kumalizia lolote mwenyewe.

Alisikiliza akiwa kainamisha kichwa. Akauliza, "Walisema nini juu yangu?"

"Walisema ulikuwa mtu mwema."

"Jana nilikuwa haini."

"Jana ulikuwa hujafa," nikamwambia.

Akainywa kahawa yote. Nikasubiri kando yake na dele, nikitazama mkono, kama nilivyotazama mikono miaka ishirini na sita. Akaninyooshea kikombe. Hakukitikisa.